Mguu Uliovimba Hauchuliwi Ovyo

Imekuwa desturi katika visiwa vyetu kwamba mtu akivimba mguu huitiwa mchuaji kwanza, na hospitali hufuata baada ya siku nyingi. Hatuna ugomvi na wachuaji. Wazazi wengi wameinuka kwa mikono yao. Lakini siku hizi umeingia pia ukandaji wa limfu, unaouzwa mahotelini kwa madai ya kutoa sumu na kupunguza unene. Maji hupungua kwa muda; mafuta ya mwili hubaki palepale.

Ukandaji huu ulitungwa na Emil Vodder wa Denmark na mkewe Estrid walipokuwa Ufaransa, ukatangazwa Paris mwaka 1936. Limfu ni maji yapitayo katika mishipa myembamba hadi kwenye tezi za shingoni, kwapani na kinenani, ndipo yarudi katika damu karibu na mtulinga. Hayana moyo wa kuyasukuma kama damu. Huenda kwa mwendo wa misuli na pumzi. Kwa hiyo mkono wa mkandaji hauna budi kuwa mwepesi, wa kuivuta ngozi tu, na aanzie shingoni na kinenani kabla ya kushuka mguuni. Mkulima wa mpunga atafahamu upesi: huwezi kutoa maji bondeni kabla ya kuzibua mfereji. Anayekamua kwa nguvu hadi mgonjwa akalia, hiyo si kazi ya limfu.

Jambo kubwa zaidi ni kujua sababu ya uvimbe. Mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma huenda una damu iliyoganda. Ukichuliwa, bonge laweza kung'oka likaziba mapafu, na mtu akafa. Mwenye moyo dhaifu huelemewa na maji yanayorudishwa. Mguu wenye joto, wekundu na homa usiguswe kabla ya dawa.

Na matende je? Unguja na Pemba zilianza kugawa dawa kwa wananchi wote mwaka 2001, lakini mguu uliokwisha kuharibika haurudi kwa vidonge. Huyo ahitaji kuoshwa kila siku kwa maji na sabuni, kukaushwa baina ya vidole, na kuuinua mguu apumzikapo. Ukandaji ni msaada wa baadaye, pamoja na bendeji.

Tunawaomba maofisa wa afya wa wilaya wawaite wachuaji wa kila shehia, wawafundishe kuutambua mguu wa kupelekwa hospitali siku ileile.