Kamba ya Kisima

Kitendawili! Tega. Kisima kimejaa, ndoo zimepangwa, na kijiji kizima kina kiu. Mmeshindwa? Basi nipeni mji, nami nitawapa jibu polepole.

Jibu linaanzia Janga, kwa hiyo kwanza tumalize utani wa jina. Janga ninayoisema ni kata ya Kibaha Vijijini, si maafa. Dar es Salaam si mbali na huko, na Kisarawe iko karibu zaidi na jiji hilo. Ila kilomita za mgonjwa hazihesabiwi kama za dereva, wajukuu zangu. Lakini kata ya Vikumburu nayo iko Kisarawe hiyo hiyo. Masika yakikaza, nendeni mkaiulize njia yake.

Sasa fikirini zahanati ya kijijini huko yenye muuguzi mmoja. Mmoja tu! Ikama ya serikali ya 2014 ilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Huyu peke yake anapima watoto uzito, anachoma sindano, anagawa dawa, anajaza madaftari, na usiku anagongewa mlango, maana uchungu wa uzazi haujui saa za kazi.

Mtaniuliza, bibi, kwani hatuna waliosoma? Zamani kweli hatukuwa nao. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba Waingereza walipoondoka, nchi nzima ilikuwa na madaktari 12. Ikabidi kuchimba kisima. Pale Kibaha nchi za Nordiki zilijenga shule, kituo cha afya na chuo cha wakulima mahali pamoja, zikatukabidhi 1970. Kile kituo cha afya kikakua, ndiyo Hospitali ya Tumbi ya leo. Muhimbili ikafundisha madaktari, vyuo vya wauguzi na matabibu vikaongezeka.

Ikafika 2017. Madaktari wa Kenya walikuwa wametoka kwenye mgomo mrefu, serikali yao ikaja kutuomba madaktari 500. Rais Magufuli akakubali. Watu wakaguna: zahanati zetu hazina watu, hao 500 watatoka wapi? Majumbani kwao! Walikuwa wamehitimu, vyeti vimo kabatini, ajira hakuna. Wenzao wa Kenya wakaenda mahakamani, safari ikakwama, na mwezi wa Aprili Rais akaagiza wale 258 walioomba kwenda Kenya waajiriwe hapa hapa.

Mmeiona kamba iliyokosekana? Ni mshahara. Na mshahara peke yake haumfikishi mtu kijijini akakaa; anataka nyumba ya mtumishi, maji, shule ya watoto wake. Asipovipata, ataomba uhamisho, nami simlaumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kufikia 2030 dunia itapungukiwa na watumishi wa afya zaidi ya milioni 10, wengi katika nchi kama zetu. Nchi tajiri nazo zina kamba ndefu: huchota mpaka visima vya majirani.

Turudi kwa muuguzi wetu. Asubuhi hii mama mjamzito amebadilika hali, gari la wagonjwa limefika, naye amepanda kumsindikiza Tumbi. Zahanati imefungwa. Kina mama waliokuja kliniki wamekaa chini ya mwembe na watoto wao. Kivuli kikisogea, wanasogea nacho.