Blanketi la Wasotho: Vazi la Mpanda Farasi Katika Nchi ya Theluji

Kipupwe kikiingia na kusi likavuma, mtu wa Mombasa au Lamu hutoa shuka nzito, akajitanda hadi masikioni, akalalama kuwa baridi ya mwaka huu imezidi. Miezi hiyo hiyo ya Juni, Julai na Agosti, kusini mwa bara letu, yuko Mwafrika mwenzetu anayeamka alfajiri akakuta maji yameganda ndooni na mlima wote umekuwa mweupe kwa theluji. Naye ana safari, na safari yake ni ya farasi.

Mtu huyo ni Msotho, mwenyeji wa Lesotho, nchi ndogo iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini. Nchi nzima iko juu milimani. Hata pale palipo chini kabisa ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Thabana Ntlenyana kimefika mita 3,482. Katika milima ya Maloti viko vijiji ambavyo gari halifiki. Farasi ndiye apelekaye mahindi kusagwa, na ndiye ambebaye mgonjwa.

BALAA LA UPEPO

Huenda msomaji akauliza: mpanda farasi ana baridi gani kumzidi aendaye kwa miguu? Jibu ni kwamba aendaye kwa miguu hujipasha moto kwa mwendo wake mwenyewe. Mpanda farasi ameketi. Anayefanya kazi ni mnyama. Damu ya mpandaji imetulia, miguu yake inaning'inia, na upepo unampiga kifuani kila farasi akiongeza mwendo. Wakifika penye mteremko mkali, hushuka akamwongoza farasi kwa hatamu, akatokwa na jasho. Akipanda tena, jasho lile hupoa mwilini, na hapo ndipo baridi humwingia mtu hasa.

Basi vazi la mpanda farasi lina kazi tatu: kuzuia upepo, kuhifadhi joto la mwili, na kutogeuka barafu likilowa. Nguo ya pamba, tuipendayo sisi wa Pwani, haifai kwa kazi hiyo. Pamba ikilowa hushikamana na ngozi na kuizidishia baridi. Sufu ya kondoo ni kitu kingine. Nyuzi zake zimejikunja-kunja, zikashika hewa katikati yake, na hewa hiyo ndiyo ihifadhiyo joto. Tena sufu hunywa unyevu mwingi kabla mtu hajahisi kuwa imelowa.

NAMNA YA KUVAA

Msotho huanza na shati, kisha fulana nzito ya sufu, kisha blanketi juu ya vyote. Blanketi lenyewe ni pana, zaidi ya mita moja na nusu kila upande, na lililo bora hufumwa kwa sufu tupu au sufu iliyochanganywa na pamba kidogo. Wanawake hulibana kwa pini kifuani. Wanaume hulibana juu ya bega la kulia, hivyo mkono wa kulia huwa huru kushika hatamu au fimbo.

Akisha kupanda tandiko, blanketi humwangukia mpaka magotini na kulala ubavuni mwa farasi. Joto la mnyama hupanda likanaswa ndani yake, na mpandaji akapata hema dogo lisilo na nguzo. Kichwani huvaa boshori ya sufu ifunikayo masikio. Kofia ya majani iitwayo mokorotlo, ile iliyochorwa kwenye bendera ya Lesotho tangu 2006, ni ya kukinga jua na ya heshima.

Miguuni wachungaji wengi huvaa mabuti ya mpira. Maji hayapiti, lakini mpira hauna joto, kwa hiyo soksi nene ni lazima. Wala kiatu kisibane mno, kwani mguu uliobanwa hufa ganzi upesi. Kisiwe kipana mno pia: kiatu kikinasa katika kikuku cha tandiko siku mtu anapoanguka, farasi atamburura.

LILITOKA WAPI?

Zamani Wasotho walijifunika ngozi za wanyama. Farasi nao hawakuwako. Waliwapata kutoka Rasi ya Kusini katika miaka ya 1820 na 1830, zama za Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza, aliyejenga ngome yake juu ya mlima Thaba Bosiu. Mababu wa farasi hao waliletwa Rasini na Waholanzi kutoka Java tangu 1653, na inasemekana wana damu ya farasi wa Kiarabu na wa Kiajemi.

Yasimuliwa kwamba mnamo 1860 mfanyabiashara mmoja alimtunukia Moshoeshoe blanketi la sufu, naye akalipenda kuliko ngozi ya chui. Raia wakafuata. Sotoka ilipoua ng'ombe wengi kusini mwa Afrika mwaka 1896 na 1897, ngozi zikaadimika, na blanketi likatawala.

Mfumaji alikuwa Mzungu, lakini mwenye kuamua alikuwa Msotho. Aliamua mistari ya blanketi isimame wima, kutoka bega hadi mguu. Aliamua pambo la gunzi la mahindi liwe dua ya uzazi, na blanketi fulani liwe la kijana anayekwenda jandoni. Jambo hili halitamshangaza mtu wa Mombasa. Leso zetu nazo zilipigwa chapa Ulaya, India na Japani, lakini jina na ujumbe wake ulitoka kwetu, kama zilivyo zile za Mali ya Abdulla.

SUFU NA NAILONI

Kuna jambo la kusikitisha hata hivyo. Lesotho ni nchi ya kondoo na mbuzi wa manyoya, na husafirisha sufu nyingi nje. Lakini blanketi linalojulikana kama lake hufumwa ng'ambo ya mpaka, Afrika Kusini. Bei ya lile la sufu halisi ni nzito kwa mchungaji. Kwa hiyo madukani yamejaa mablanketi mepesi ya nyuzi za plastiki, yenye mapambo yale yale. Kwa macho ni mamoja. Juu ya tandiko, upepo ukivuma, mvaaji hujua tofauti.

Wakati huo huo dunia imelipenda pambo lake. Mwaka 2017 Louis Vuitton ya Ufaransa ilitoa mashati yaliyoiga mapambo hayo, na mwaka 2018 mablanketi yenyewe yakaonekana katika filamu ya Marekani, Black Panther. Sifa ni njema, lakini sifa haimpashi moto kijana aliye malishoni Julai.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Wasotho waliipokea nguo ya mgeni wakaifanya yao kwa kuijua kazi yake, na kwa miaka zaidi ya mia moja na hamsini imewasitiri. Iwapo siku moja sufu ya milima yao itafumwa milimani mwao, na mchungaji akaimudu bei yake, hapo blanketi litakuwa lao kuanzia kondoo hadi bega.