Wakala Anapoulizwa Aina Yake

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea programu iliyomshinda. Ilikuwa ya kuorodhesha watahiniwa, na mtahiniwa mmoja alijitokeza mara mbili katika orodha isiyoruhusu marudio. Data zilikuwa sahihi, nilizikagua mwenyewe. Kosa lilikuwa katika swali ambalo programu iliuliza.

Katika upangaji wa programu kwa vitu, kila kitu kina aina yake, na aina moja yaweza kurithi nyingine: Mtahiniwa hurithi sifa za Mtu. Urithi huu ulianzia Oslo, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliunda lugha ya Simula 67. Lugha hiyo ilitenga maswali mawili ambayo wengi wetu huyachanganya. La kwanza: je, kitu hiki ni cha aina hii hasa? La pili: je, ni cha aina hii au cha mmojawapo wa warithi wake?

Kusoma habari zote kutoka hifadhi ya data huchukua muda. Kwa hiyo maktaba ya programu kama Hibernate, itumikayo katika lugha ya Java, mara nyingi hutoa wakala badala ya mtahiniwa. Wakala huyu ajua namba tu. Atakapoulizwa jina, ndipo aendapo kulichukua. Aina yake haikuandikwa na mtu: huundwa wakati programu inaendeshwa, nayo hurithi Mtahiniwa. Kwa swali la pili atajibu ndiyo; kwa la kwanza, hapana. Programu ya kijana yule ililinganisha watahiniwa kwa swali la kwanza, basi mtahiniwa na wakala wake wakahesabiwa watu wawili.

Nilimshauri atumie swali la pili, tena aiombe namba kwa kumwita wakala, asichungulie ndani yake, maana ndani mara nyingi ni kutupu. Orodha ikanyooka.

Lakini swali la pili nalo lina mpaka. Tuseme programu inajua tu kwamba fulani ni Mtu. Wakala ataundwa kuwa mrithi wa Mtu, kabla mwenyewe hajajulikana. Baadaye ikibainika kwamba mwenyewe ni Mtahiniwa, wakala habadiliki. Ukimwuliza kama ni Mtahiniwa, atakana. Hapo mimi huona heri kutouliza aina kabisa. Mwamuru tu aandike cheti, mradi amri hiyo imetajwa katika aina ya Mtu, naye ataifikisha kwa mwenyewe, ambaye ndiye ajuaye namna ya kukiandika.