Mapafu ya Njiti Yakikomaa na Makovu, Mashine Ipunguze Mwendo

Mwaka 1967, William Northway na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza ugonjwa mpya: watoto njiti waliookolewa kwa mashine ya kupumulia na oksijeni nyingi walibaki na mapafu yenye makovu. Ugonjwa huo ni bronkopulmonari displasia, kwa kifupi BPD. Siku hizi huwapata zaidi waliozaliwa kabla ya wiki ya 28 ya ujauzito.

Njiti anapozaliwa, mapafu yake ni magumu karibu kila sehemu. Mashine hupuliza hewa kidogo, mililita 4 hadi 6 kwa kila kilo ya uzito, mara 40 hadi 60 kwa dakika. Ikizidisha, vifuko vya hewa huumia.

Miezi mitatu baadaye, pafu lenye BPD kali limebadilika. Sehemu moja imevimba kwa hewa iliyonasa, nyingine imesinyaa, na mirija ni myembamba, imejaa makohozi. Hewa huingia polepole na kutoka polepole zaidi. Mashine ikibaki kwenye pumzi 50 kwa dakika, kila pumzi ina sekunde 1.2 tu, kuingia na kutoka. Ya pili huingia ya kwanza haijaisha. Kifua hufura, mtoto huhangaika, midomo hugeuka bluu. Kabla ya kumwongezea dawa ya kumtuliza, tazama kioo cha mashine: mstari wa hewa inayotoka usipofika sifuri kabla ya pumzi inayofuata, hewa inanasa kifuani.

Ndiyo maana wataalamu wengi wa BPD kali hugeuza mpango: mililita 10 hadi 12 kwa kilo, pumzi 12 hadi 20 tu kwa dakika. Mtoto wa kilo 3 hupata mililita 30 hadi 36 kwa pumzi, sawa na vijiko sita au saba vya chai. Kwa pumzi 15, kila moja ina sekunde 4, na sehemu kubwa ya muda huo ni ya kutoa hewa.

Haraka ya kumtoa mtoto kwenye mashine humrudisha nyuma, kwani akipumua kwa taabu hutumia nguvu ambazo zingemkuza. Vifuko vipya vya hewa huendelea kuota kwa miaka ya mwanzo ya maisha, mradi anakua. Mzazi, unapouliza mashine itatolewa lini, uliza pia mtoto ameongezeka gramu ngapi wiki hii.