Kiporo cha wali: Somo kwa wanandoa wanafunzi wanaojifunza kupika



Ndugu msomaji, leo tutaingia jikoni, hususan jikoni kwa wanandoa vijana ambao bado wako masomoni. Hapa Ifakara wapo. Mji wetu una vyuo vya afya vinavyopokea wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi, na baadhi yao, Alhamdulillah, wameamua kufunga ndoa wakiwa bado wanasoma ili kujihifadhi na haramu. Hupanga chumba kimoja, wakanunua jiko la mkaa, sufuria mbili na sinia, na maisha yakaanza.

Tuchukue mfano wa mke aliyetokea Tanga na mume aliyetokea Bukoba. Mke amekulia kwenye wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mume amekulia kwenye ndizi na maharage. Wote wawili wanajikuta katika bonde la Kilombero, baina ya milima ya Udzungwa na Mahenge, penye mchele ambao watu wa Dar es Salaam huuulizia kwa jina, na penye perege na kambale wa mtoni. Inambidi kila mmoja ajifunze pishi la mwenzake, na wote wajifunze vyakula vya hapa.

Hili ni jambo jema, wala si kazi ya mke peke yake. Bibi Aisha (ra) alipoulizwa Mtume (saw) alikuwa akifanya nini awapo nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ukifika hutoka kwenda kusali. Hivyo mume anayechambua mchele wakati mkewe anajiandaa na mtihani hajapungukiwa na kitu.

Tatizo ni kwamba wengi hujifunza pishi nusu. Hujifunza kiasi cha chumvi, viungo na tui, lakini hawajifunzi ni mahali gani katika pishi hilo chakula kinaweza kugeuka kuwa madhara. Kila pishi lina mahali hapo. Kwa upande wa wali, ambao ndio chakula chetu kikuu hapa bondeni, hatari kubwa inakuja baada ya kuepua.

Halali peke yake haitoshi

Allah (sw) ametuamrisha tule vilivyo halali na vilivyo vizuri. Sharti la kwanza tunalizingatia sana: tunauliza nani amechinja, tunauliza pesa imetoka wapi. Sharti la pili mara nyingi tunalisahau. Wali ulionunuliwa kwa pesa safi ni halali, lakini ukilala usiku kucha kwenye sufuria na kuingia sumu, umekosa ule uzuri tulioamrishwa.

Wanandoa wanafunzi hujikuta katika mtihani huu kwa sababu ya muda na mkaa. Mtu anarudi kutoka darasani au wodini saa 12 jioni amechoka. Anaona bora apike mara moja, ale usiku na asubuhi. Sufuria hufunikwa na kuachwa juu ya meza. Alfajiri wali hupashwa moto kidogo, ukaliwa na chai. Katika mwezi wa Ramadhani jambo hili huzidi, kwani wali uliopikwa kwa ajili ya futari ndio huliwa kwenye daku saa 10 usiku.

Kinachotokea ndani ya sufuria

Katika mchele mbichi, kama ilivyo kwa nafaka nyingine zinazotoka shambani, huwamo mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus. Bakteria huyu anaishi kwenye udongo. Mbegu zake zina ganda gumu, kwa hiyo kuchemka kwa maji ya wali hakuziui zote. Wali unapokuwa wa moto sana hutulia. Wali ukipoa na kuwa vuguvugu, mbegu huamka na kuanza kuzaana. Joto la Ifakara, tena ndani ya chumba cha bati, linawafaa sana.

Wakishakuwa wengi hutoa sumu, na sumu ya aina ile inayotapisha haiharibiwi na moto wa jikoni. Ukipasha wali huo hadi utoe moshi utaua bakteria, lakini sumu waliyokwisha kuitoa itabaki. Haina harufu wala ladha. Hivyo ile desturi ya kunusa kiporo na kusema "hakijachacha" si kipimo cha usalama.

Ugonjwa huu ulianza kutambuliwa Uingereza mwaka 1971, baada ya watu kutapika walipokula wali wa kukaanga katika mikahawa ya Kichina. Ilibainika kuwa wali ulichemshwa kwa wingi, ukaachwa kwenye joto la kawaida kwa saa nyingi, kisha ukakaangwa haraka haraka wateja walipofika. Wali haukuwa mbichi wala mchafu. Kosa lilikuwa ni zile saa za kuuacha.

Mara nyingi ugonjwa huu huisha wenyewe ndani ya siku moja. Hata hivyo haifai kuudharau. Mwaka 2008 huko Brussels, Ubelgiji, kijana wa miaka 20 alifariki baada ya kula tambi zilizopikwa siku 5 kabla na kuachwa jikoni bila friji. Sumu iliharibu ini lake. Vifo vya namna hii ni nadra, lakini vinatuonyesha kuwa sumu hii si ya mchezo.

"Mbona tumekula viporo tangu utotoni?"

Swali hili tunaulizwa sana, na lina haki ya kujibiwa. Si kila kiporo kina sumu. Inategemea wali ulikuwa na mbegu kiasi gani, ulikaa muda gani na katika joto gani. Mtu anaweza kula kiporo mara 20 asidhurike, akadhurika mara ya 21. Aidha mtu mzima mwenye afya hutapika, akapumzika na kurudi kazini. Mtoto mchanga aliyeanza kulishwa, mama mjamzito au mgonjwa hana akiba hiyo ya maji mwilini. Na wanandoa vijana ndio wenye wajawazito na watoto wachanga.

Swali la pili ni la israfu. Wapo wanandoa wacha Mungu wanaoogopa kutupa wali kwa kuwa kumwaga chakula ni dhambi, hivyo wanaona afadhali waule. Nia yao ni njema, lakini israfu ilikwisha kutokea jana jioni pale walipopima mchele wa watu sita na hali wao ni wawili. Kuuguza tumbo hakuifuti israfu hiyo. Sheria yetu imeweka kuhifadhi nafsi miongoni mwa makusudio yake makubwa. Dawa ya israfu ni kupima. Kikombe kimoja na nusu cha chai cha mchele huwatosha watu wawili kwa mlo mmoja. Kinachobaki wapewe jirani kingali cha moto.

Namna ya kufanya

Shirika la Afya Duniani mwaka 2001 lilitoa kanuni tano za usalama wa chakula: kuweka usafi, kutenganisha vibichi na vilivyopikwa, kupika hadi kuiva, kuhifadhi katika joto salama, na kutumia maji na vyakula salama. Kwa mujibu wa kanuni ya joto, chakula kilichopikwa kisiachwe nje kwa zaidi ya saa 2. Kwa nyumba zetu maana yake ni hii:

Kwanza, asiye na friji apike wali wa mlo mmoja tu, hasa wa nazi. Kifungua kinywa kiwe uji, viazi, mihogo au mayai ya kuchemsha asubuhi hiyo hiyo.

Pili, mwenye friji asiingize sufuria nzima ya moto wala asisubiri hadi asubuhi. Atandaze wali kwenye sinia upoe haraka, aufunike kwa kawa au chandarua cha chakula dhidi ya nzi, na auweke kwenye friji ndani ya saa 1 au 2. Auле kesho yake, aupashe mara moja tu hadi uwe moto kote. Ikiwa umeme ulikatika usiku kwa saa nyingi, asiule.

Tatu, hotipoti si friji. Huweka chakula moto kwa saa chache tu, kisha wali hushuka pole pole na kukaa vuguvugu usiku mzima. Hapo bakteria huzaliana vizuri kuliko hata kwenye sufuria ya wazi.

Nne, kwa ajili ya daku, mchele uchambuliwe na kupimwa kabla ya kulala, uhifadhiwe mkavu, na upikwe muda wa kuamka. Ikishindikana, tende, mkate na mayai yanayochemshwa wakati ule ule yanatosha, inshaAllah.

Mapishi mengine ya wageni wa jikoni

Mke wa Tanga anayejifunza ndizi na maharage ajue kwamba maharage, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili inayoondoka kwa kuchemka sawasawa. Ayaloweke usiku, amwage maji yale, kisha ayachemshe kwa moto mkali yatokote kwa dakika zisizopungua 10 kabla ya kupunguza moto. Wanaobana mkaa na kuyaweka kwenye moto hafifu tangu mwanzo hujiletea matapishi.

Mume wa Bukoba anayejifunza kisamvu akitwange vizuri na akichemshe bila kufunika kwa muda wa kutosha, kwa kuwa majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na kupaa na mvuke. Hali kadhalika muhogo mchungu usiloandaliwa vizuri ni hatari. Miaka ya 1980 wilayani Tarime watu walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo, uliohusishwa na sumu hiyo ya muhogo.

Ama kuhusu samaki, kwa kuwa hachinjwi wengi hudhani hana sharti lolote. Sharti lake ni ubichi wake. Tazama macho yawe maangavu, mashavu yawe mekundu ndani, na nyama irudi ukiibonyeza kwa kidole. Kisu na ubao uliokatia samaki au kuku mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia kachumbari, kwa kuwa kachumbari haipiti kwenye moto.

Vile vile tusichanganye twahara na usalama. Maji ya mto Kilombero ni twahara na yanafaa kwa udhu. Hiyo haina maana kwamba yanafaa kunywa au kuoshea kachumbari bila kuchemshwa au kutiwa dawa.

Jambo la mwisho ni jiko lenyewe. Mtume (saw) ametufundisha kufunika vyombo usiku na kutoacha moto ukiwaka tunapolala. Katika chumba kimoja cha kupanga, mafundisho haya ni kinga ya moja kwa moja. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huweza kuwaua watu wakiwa usingizini. Pikieni nje au barazani, na jiko lisiingizwe ndani hata wakati wa mvua za masika.

Mgonjwa akitapika

Kutapika kwa sumu ya wali huanza kati ya nusu saa na saa 6 baada ya kula. Aina nyingine huleta kuharisha na tumbo kukata baada ya saa 6 hadi 15. Mpe mgonjwa maji ya ORS, pakiti moja kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Msikimbilie dukani kununua antibaiotiki, kwani sumu iliyokwisha kuingia haitibiwi kwa dawa hizo.

Mpelekeni kituo cha afya haraka ikiwa ni mtoto mdogo au mjamzito, ikiwa hawezi kubakisha hata maji tumboni, akiwa na damu kwenye choo, macho yamezama, mkojo umepungua, macho yamekuwa ya njano au amelegea. Kuharisha maji mengi kama maji ya mchele kunaweza kuwa kipindupindu, nako hakusubiri asubuhi.

Akiwa amefunga, aelewe kuwa kutapika bila kukusudia hakubatilishi saumu kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi. Lakini akihofia kudhurika kwa kukosa maji, sheria imempa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Asiikatae ruhusa ya Mola wake.

Ndugu zetu wanafunzi, endeleeni kujifunza mapishi, mfundishane na mle pamoja kwenye sinia moja, kwani katika hilo mna baraka na mapenzi. Leo jioni, kabla ya kuinjika sufuria, pimeni mchele wa usiku huu tu.

Wabillahi tawfiq.