Betri ya Simu Ikivimba, Usiitoboe

Siku hizi si ajabu kukuta nyumba ya nyasi ambayo ndani yake mna simu mbili au tatu. Zamani mtu akitaka kupiga simu ilimbidi aende posta mjini, apange foleni, kisha apaze sauti mpaka watu wote wajue shida yake. Sasa mkulima anauliza bei ya mahindi akiwa shambani. Mama anapokea fedha kutoka kwa mwanawe aliye Dar es Salaam bila kupanda basi. Haya ni maendeleo, wala hakuna anayeyakataa.

Lakini chombo hiki kina mwisho wake. Simu huanguka, huingia maji, huchoka. Betri huvimba. Je, simu ikishakufa tunaipeleka wapi? Niliuliza swali hili katika darasa moja la kisomo. Mzee mmoja alisema yake aliitupa chooni. Mama mmoja alisema ya kwake wanaichezea wajukuu. Mwingine akasema, "Mwalimu, mimi naichoma pamoja na takataka nyingine, iishe." Kijana mmoja aliyekaa nyuma akasema kwamba yeye betri ikivimba huitoboa kwa sindano ili upepo utoke, halafu anaichaji tena.

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Hilo la sindano ni hatari kuliko yote, kwa hiyo tuanze nalo.

KILICHOMO NDANI YA BETRI

Betri ya simu si sawa na betri za tochi tulizozizoea. Betri ya tochi ikiisha, imeisha. Ya simu hujazwa umeme tena na tena. Inaitwa betri ya lithiamu. Ilianza kuuzwa mwaka 1991 huko Japani. Mwaka 2019 wataalamu watatu waliofanya kazi ya kuigundua na kuiboresha walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Kwa hiyo usiione ndogo ukaidharau.

Ungeweza kutazama ndani yake (lakini usijaribu, nitakueleza mimi) ungeona karatasi mbili nyembamba za madini. Moja ni ya shaba na nyingine ni ya alumini, na zote zimepakwa dawa. Katikati yake kuna karatasi ya plastiki, nyembamba sana, inayozitenganisha. Zote zimekunjwa pamoja kama mkeka na kuloweshwa maji ya dawa. Maji haya si kama ya kisimani. Yanashika moto upesi, kama petroli.

Sasa chukua sindano uichome betri hiyo. Sindano inapita kwenye plastiki, na zile karatasi mbili za madini zinagusana. Umeme ambao ungekutosha siku tatu unatoka wote kwa mara moja. Joto linapanda. Maji ya dawa yanachemka. Betri inawaka au inapasuka usoni mwako. Ukiikanyaga, ukiigonga kwa nyundo au mtoto akiitafuna, matokeo yanaweza kuwa hayo hayo.

Na kile kinachoivimbisha si upepo. Ni gesi inayotokana na dawa zilizoharibika ndani. Gesi hiyo ni mbaya kuivuta, na yenyewe inaweza kushika moto. Betri ikivimba imeshaharibika, hata kama simu bado inawaka. Hakuna fundi wa kuiponya. Ni kuitoa na kununua nyingine.

Wengine watasema mambo haya ni ya simu feki tu. Sivyo. Mwaka 2016 kampuni ya Samsung ilitoa simu mpya ya bei kubwa iitwayo Galaxy Note 7. Baadhi ya simu hizo zikaanza kuwaka moto kwa sababu ya kasoro ndani ya betri. Kampuni iliagiza simu kama milioni 2 na nusu zirudishwe, na mwishoni ikaacha kabisa kuzitengeneza. Ikiwa imewatokea wao wenye viwanda vikubwa, sembuse betri ya mnadani isiyojulikana ilikotoka?

TUNAVYOCHAJI

Kinachoharibu betri mapema ni joto na kuchajiwa vibaya. Wengi wetu tunatumia umeme wa jua. Mtu anaweka sola juu ya bati, kisha anaiweka simu hapo hapo kando ya sola ili ichaji. Sola inataka jua, lakini simu hailitaki. Vuta waya mpaka kivulini, simu ikae penye hewa.

Jambo la pili ni kuchaji usiku kitandani, simu ikiwa chini ya mto, ndani ya chandarua. Simu ikichaji hutoa joto, na mto hulizuia lisitoke. Ikishika moto, chandarua na godoro vitawaka kabla hujaamka. Chaji ukiwa macho, na uiweke simu juu ya kitu kisichoungua, kama sakafu ya saruji au kigae. Ile chaja ya kobe, yaani ile ya kubana betri peke yake, itumie ukiwa karibu, na betri ikijaa uitoe. Betri iliyovimba usiibane humo hata siku moja. Waya uliochubuka usiufunge kwa kitambaa ukaendelea nao. Ununue mwingine.

Hapa niseme neno juu ya radi, maana naulizwa sana. Simu iliyo mfukoni haiiti radi. Lakini simu iliyochomekwa kwenye umeme wa nguzo ina hatari, kwa sababu radi ikipiga nguzo, umeme wake hufuata waya mpaka kwenye simu uliyoishika. Radi zikianza, acha kuigusa simu iliyo kwenye chaji. Tena ni vizuri kuichomoa mapema, mawingu yanapokusanyika.

Itakuwaje basi betri ikianza kufuka moshi au kulia kama inachemka? Usiishike. Watoe watu, watoto kwanza. Kama simu imechomekwa kwenye umeme wa nyumba, zima swichi kuu ikiwa unaweza kuifikia salama. Kisha imwagie maji mengi ukiwa mbali kidogo, ili ipoe. Usivute moshi wake. Moto ukizimika usifurahi mapema, kwa kuwa betri hizi huweza kuwaka mara ya pili. Ikishapoa kabisa, itoe nje kwa koleo na uiweke mbali na paa la nyasi.

KUCHOMA SIMU NI KUILA

Turudi kwa yule mama anayechoma. Anadhani moto unamaliza mambo. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Huko Ghana, katika mji wa Accra, palikuwa na mahali paitwapo Agbogbloshie. Vyombo vibovu vya umeme, kama televisheni, kompyuta na simu, vilipelekwa hapo kwa wingi. Vijana walichoma nyaya ili plastiki iungue na shaba ibaki, wakauze. Walipata fedha ya chakula, na siwezi kuwalaumu. Lakini moshi ule ulikuwa na sumu, na majivu yake yalibaki ardhini. Kuku waliachwa kutembea na kudonoa hapo, kama wetu wa kienyeji wanavyofanya.

Mwaka 2019 wachunguzi walitoa taarifa baada ya kupima mayai ya kuku wale. Walikuta sumu iitwayo dioksini, ambayo hutokea plastiki za namna fulani zinapochomwa. Mtu mzima akila yai moja tu angepata sumu hiyo zaidi ya mara 200 ya kiasi ambacho wataalamu wa chakula wa Ulaya wanasema mtu asikizidi kwa siku. Mwaka 2021 serikali ilivunja vibanda vya eneo lile. Lakini sumu iliyokwisha kuingia ardhini haivunjwi kwa tingatinga.

Najua kijiji chetu si Agbogbloshie. Simu moja haiwezi kufanya madhara kama hayo. Lakini hesabu simu za kijiji kizima kwa miaka kumi, uzichome zote nyuma ya majiko ambako kuku wanaparua na watoto wanacheza. Na ukitupa betri motoni inaweza kulipuka na kurusha makaa.

Je, tukiifukia shambani au kuitupa chooni? Ganda la ndizi likifukiwa linaoza na kuwa mbolea. Madini hayaozi. Simu nyingi za zamani na baadhi ya zile feki zina madini ya risasi, yale yanayotumika kuunganishia vipande vya ndani. Risasi ikiingia katika maji au vumbi, mtoto anaimeza bila kujua. Inaharibu ubongo wake, akawa mzito wa kujifunza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Vyoo vyetu vingine viko karibu na visima. Basi fikiri mwenyewe.

Tena tunatupa mali. Ndani ya simu mna shaba, fedha na dhahabu kidogo. Tani moja ya simu mbovu ina dhahabu nyingi kuliko tani moja ya mawe ya mgodini. Betri nyingi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia hutoka kwa jirani zetu wa Kongo, hasa sehemu za Kolwezi, ambako baadhi ya watu huchimba kwa sururu na mikono. Wenzetu wanaingia mashimoni kuitoa, sisi tunairudisha shimoni. Hata hivyo usijaribu kutoa dhahabu hiyo nyumbani kwa moto, tindikali au zebaki. Utapata chembe, na utaondoka na mapafu mabovu. Ni kazi ya viwanda vyenye vifaa vyake.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, usiharakishe kusema simu imekufa. Mara nyingi kilichokufa ni betri, au tundu la kuchajia limejaa vumbi. Mpelekee fundi. Hata ile isiyotengenezeka, fundi huweza kuhitaji kioo chake au spika yake.

Betri mbovu iweke hivi. Bandika selotepu juu ya vile vijipande vya madini vya mbele, ili zisigusane na kitu. Kisha iweke ndani ya chungu au kopo lenye mchanga mkavu, bila kulifunga kwa nguvu. Liweke nje kivulini, mahali ambapo mvua na watoto hawafiki. Kama betri imevimba ndani ya simu isiyofunguka, weka simu nzima. Usiibandue kwa kisu.

Kazi iliyobaki ni kuzifikisha mjini, na hapa ndipo penye ugumu. Vijiji vingi havina mahali pa kukusanyia vitu hivi. Mtu mmoja kulipa nauli kwa ajili ya betri moja ni kujitesa. Lakini darasa la kisomo, kikundi cha akina mama au serikali ya kijiji inaweza kuweka chungu kimoja cha mchanga kando ya ofisi. Zikifika hamsini, Mtendaji amwulize Afisa Mazingira wa halmashauri ni nani mwenye kibali cha kukusanya taka za namna hiyo, na zipelekwe siku gari la kijiji linapokwenda mjini. Nionavyo mimi, halmashauri nazo zisingoje kuulizwa. Simu zimetufikia mpaka huku milimani. Iweje njia ya kuzirudisha ishindikane?

USITUPE JINA LAKO

Kabla ya kuuza simu, kuigawa au kuiweka chunguni, toa laini. Toa na kadi ya kumbukumbu kama ipo. Futa ujumbe na picha. Kama ni simu ya kupangusa, mwombe mtu unayemwamini, mwanao kwa mfano, aifute yote irudi kama ilivyotoka dukani. Na kuna baadhi yetu ambao baada ya kujua kuandika, tuliandika namba ya siri ya fedha kwenye karatasi tukaibandika nyuma ya betri. Ibandue sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu.

Laini usiitupe ovyo. Tangu usajili wa alama za vidole uliokamilishwa mwaka 2020, laini yako imefungwa na kitambulisho chako cha NIDA. Mwingine akiiokota akaitumia kutapeli watu, jina litakalosomwa polisi ni lako. Ukitaka kujua laini zilizoandikwa kwa jina lako, bonyeza *106# kisha fuata maelezo yanayotokea. Ukikuta namba usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni ya laini hiyo, uwaambie waifunge.