Kabla ya Kuongeza Springi

Wewe na wenzako mmenunua pikapu. Itapeleka mahindi gulioni. Itarudi na mbolea au saruji. Pengine usiku itampeleka mgonjwa hospitali. Barabara yenu ina makorongo. Basi mtaambiwa, "Ongezeni springi, gari litabeba mara mbili." Je, ni kweli?

Si kweli. Springi zikiongezwa, bodi haishuki sana. Lakini breki ni zile zile. Ekseli ni ile ile. Matairi ni yale yale. Gari linaonekana lina nguvu, kumbe nguvu ya kusimama haijaongezeka.

Tena, breki zinaweza kupungua nguvu. Kwa nini? Pikapu nyingi zina kifaa kidogo cha breki upande wa nyuma, chini ya bodi. Kifaa hiki kimeunganishwa na ekseli kwa fimbo ya chuma. Mzigo ukishusha bodi, fimbo inasogea. Hapo breki za nyuma hupata nguvu zaidi. Ukiongeza springi, bodi hubaki juu, kama gari ni tupu. Breki za nyuma hupata nguvu kidogo, na ninyi mnateremka mlima na magunia! Kwa hiyo mwulize fundi, "Fimbo ya breki utairekebisha?" Kama haijui fimbo hiyo, tafuteni fundi mwingine.

Sasa tupige hesabu. Tuseme pikapu yenu ni ya tani 1, yaani kilo 1,000. Dereva na mwenzake wana kilo 140. Keria ya bomba na bampa la chuma mlivyoongeza vina kilo 80. Jumla ni kilo 220. Zimebaki kilo 780. Gunia la kilo 100 mtapakia mangapi? Saba, si kumi. Kila chuma mnachoongeza kinakula mahali pa mahindi.

Magunia yaanzie karibu na kichwa cha gari. Mzigo ukilundikwa nyuma ya ekseli, gari hunyanyuka mbele. Usukani unakuwa mwepesi, na taa zinawamulika machoni wanaokuja.

Keria nyuma ya kichwa cha gari ni kitu kizuri. Dereva akifunga breki ghafla, huzuia mzigo usimfikie. Lakini fundi asiichomelee kwenye chasisi. Chuma cha chasisi kikiunguzwa hupoteza nguvu, na baadaye huweza kupasuka. Aifunge kwa bolti. Akichomelea mahali pengine pa gari, kwanza atoe waya wa betri, na awe mbali na tangi la mafuta.

Fungua mlango wa dereva. Mara nyingi kwenye nguzo ya mlango kuna kibandiko chenye namba za upepo wa matairi. Namba ya matairi ya nyuma wakati wa mzigo huwa kubwa zaidi. Soma mwenyewe, usingoje kuambiwa.

Wekeni ndani ya gari turubai, kamba, pembetatu za tahadhari, jeki, spana ya magurudumu na tairi la akiba. Upepo wa tairi hilo upimwe kila mwezi, maana huisha polepole bila mtu kujua. Wekeni pia kipande cha ubao mnene, cha kuweka chini ya jeki. Wakati wa masika, jeki bila ubao huzama matopeni.